Spishi zilizo hatarini: maswali yenu na majibu yetu

Nani huamua kwamba mnyama fulani yuko hatarini? Ni makisio tu?

Si makisio. Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, iliyoanza mwaka 1964, hutumia vigezo vitano, A hadi E. Spishi ikitimiza kimoja tu huingia katika moja ya madaraja matatu: hatarini kiasi, hatarini, au hatarini kabisa.

Kigezo A hupima kasi ya kupungua. Kwa kawaida 30% ni hatarini kiasi, 50% hatarini, 80% hatarini kabisa. Muda unaopimwa ni miaka 10 au vizazi vitatu, wowote ulio mrefu zaidi, na hapo ndipo makosa mengi hutokea. Kizazi si umri wa kuzaa mara ya kwanza, bali ni wastani wa umri wa wazazi wa watoto wanaozaliwa sasa. Kwa ndovu wa savana kizazi hukadiriwa kuwa miaka 25, hivyo hesabu inarudi nyuma miaka 75. Ukitazama miaka 10 tu, kundi lililomalizwa na majangili miaka 40 iliyopita litaonekana limetulia.

Kigezo B hutazama eneo, nalo dogo peke yake halitoshi. Mmea ulioenea ndani ya kilomita za mraba zisizofika 100 hauwi hatarini kabisa kwa sababu hiyo tu. Lazima yaonekane angalau mambo mawili kati ya haya matatu: makazi yamekatika vipande au yamebaki mahali pamoja tu, upungufu unaendelea, au idadi inapanda na kushuka kupita kiasi. C na D huhusu idadi ndogo. Kwa D, wakibaki chini ya 50 wako hatarini kabisa, hata kama hawapungui. Wanaohesabiwa ni wale wenye uwezo wa kuzaa tu, si kundi zima na watoto wake. E ni hesabu ya uwezekano wa kutoweka, na hutumika mara chache kwa kuwa inadai takwimu nyingi.

Kwa nini ndovu wa Afrika walipandishwa daraja mwaka 2021?

Kwa sababu walitenganishwa. Awali walipimwa kama spishi moja, na wingi wa ndovu wa savana ulificha maafa ya wenzao wa msituni. Walipopimwa kila mmoja peke yake, wa msituni walionekana kupungua kwa zaidi ya 86% katika miaka 31, wakawekwa hatarini kabisa. Wa savana, waliopungua kwa angalau 60% katika miaka 50, wakawekwa hatarini.

Spishi ikiandikwa "takwimu pungufu", ina maana iko salama?

Hapana, na tunaomba hili lisichanganywe. Maana yake ni kwamba taarifa zilizopo hazitoshi kuipa daraja lolote. Huenda ni tele, huenda imebaki kidogo. Kinachofuata ni kwenda kuitafuta.

Si turahisishe tu: tuwafuge, wazaliane, kisha tuwarudishe porini?

Kuzalisha ndiyo sehemu nyepesi. Kilichowaua kikiwa bado kipo, mnawarudisha wafe tena.

Choroa wa Arabuni alitoweka porini mwaka 1972. Waliofugwa wakarudishwa Oman mwaka 1982, wakaongezeka hadi mamia. Kuanzia 1996 ujangili ukarudi na kundi likaporomoka. Mwaka 2007 hifadhi yao, iliyokuwa imepunguzwa kwa 90%, ikafutwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Chura wa Kihansi, nchini Tanzania, ni mfano mgumu zaidi. Aliishi kwenye unyevu wa manyunyu ya maporomoko ya maji katika korongo moja tu duniani. Bwawa la umeme likachepusha sehemu kubwa ya maji, na ugonjwa wa kuvu la ngozi nao ukaingia. Kwa bahati njema mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani kuzalishwa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 akaanza kurudishwa. Korongoni kulikuwa kumefungwa mabomba ya kunyunyiza maji, kuiga manyunyu yaliyopotea. Mabomba hayo si pambo: yakizimwa, mimea ya unyevu hukauka, na chura hana pa kuishi. Kuvu nalo linahitaji kupimwa mara kwa mara, kwa sababu maji hayaliondoi.

Panda alishushwa daraja mwaka 2016. Je, ulinzi sasa ulegezwe?

La. Alitoka hatarini akaenda hatarini kiasi, ambalo nalo ni daraja la hatari. Pia kuna kanuni kwamba spishi haishushwi kwa sababu ya kupata nafuu mpaka ipite angalau miaka mitano bila kutimiza vigezo vya daraja la juu. Nafuu hiyo ililetwa na kuzuia ukataji wa misitu na uwindaji, na kwa kupanda upya mianzi anayoila. Vikiachwa, idadi itarudi chini, na daraja litapanda tena.