Kwa Nini Mizabibu Inyunyiziwe Maji Usiku wa Jalidi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi katika shamba la mizabibu karibu na Chablis, Ufaransa. Usiku mmoja wa Aprili tuliamshwa saa nane, kipimajoto kikionyesha nyuzi 1, tukafungulia maji juu ya machipukizi hadi yakafunikwa na barafu kama kioo. Jua lilipochomoza nilitaka kufunga maji, msimamizi akanikemea. Maji baridi yanaukingaje mmea na baridi?
Msomaji, Auxerre

JIBU: Ndugu msomaji, msimamizi wako alikuwa sahihi, ingawa angeweza kukueleza badala ya kukukemea. Maji yanapoganda hutoa joto, takriban kalori 80 kwa kila gramu, na joto hilo huliweka chipukizi karibu na nyuzi sifuri, ilhali chipukizi bichi huanza kuungua kwa baridi likifika nyuzi 2 hivi chini yake. Kinga imo katika kule kuganda kunakoendelea. Maji yakikatika, barafu hupoa pamoja na hewa, na unyevu unaopaa hulinyang'anya chipukizi joto zaidi, hata likaumia kuliko lile ambalo halikumwagiwa kitu. Ndiyo maana maji hufunguliwa kabla hewa haijafika sifuri, hasa ikiwa kavu, na hayafungwi mpaka barafu ianze kudondoka yenyewe.

Wakati wa baridi kuu mzabibu umelala, na tumba lake huhimili hata nyuzi 15 chini ya sifuri. Hatari huja pale joto la Machi linapolihadaa likafunguka, kama mwaka 2021, ambapo jalidi ya usiku wa kuamkia Aprili 8 iliyakuta machipukizi yamekwisha kutoka katika sehemu nyingi za Ufaransa. Kwa hiyo ni busara kuchelewa kupogolea, kwa kuwa mzabibu uliopogolewa mapema huchipua mapema. Nyasi nazo zikatwe fupi na udongo usitifuliwe, kwani ardhi iliyoshikamana na yenye unyevu huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Ile mishumaa mikubwa inayowashwa kati ya mizabibu kuipasha hewa joto, 300 hadi 400 kwa hekta, hupendeza sana pichani, lakini huteketea usiku mmoja au miwili, na gharama inaanza upya.

Wenyeji hawatulii mpaka zipite sikukuu za wale wanaowaita watakatifu wa barafu, Mei 11 hadi 13. Machipukizi yakiungua, usiharakishe kuung'oa mzabibu: kila jicho, yaani pale tawi linapochipulia, lina tumba la akiba, ambalo litachipua baadaye, ila kwa vishada vichache.