Ukiwapeleka watoto Makumbusho ya Uganda, mchukue na bibi yao

Safari yetu ya kwanza niliipanga vibaya. Tulitoka Jinja saa mbili asubuhi, siku ya Ijumaa, katikati ya muhula. Foleni ilitukamata Mukono ikatusindikiza mpaka Nakawa. Tulipofika Kitante, pale Kampala yaliko makumbusho, mabasi ya shule yalikuwa yameshashusha wanafunzi, na wanangu wakaona zaidi migongo ya watoto wenzao kuliko walivyoona vitu. Nami nilikuwa nawaharakisha, maana nilitaka mchana tuwahi Makaburi ya Kasubi, walikozikwa wafalme wa Buganda. Jioni nilimuuliza binti yangu mkubwa ameona nini kilichompendeza. Alinyamaza. Iliniuma sana.

Mara ya pili tulichagua Jumamosi, tukaondoka saa kumi na mbili kamili, na tulikuwa na mama mkwe wangu, aliyekuja kutusalimia kutoka Ankole. Huyo ndiye aliyebadilisha kila kitu.

Mimi nilikulia kambini, baba akiwa mwanajeshi, kwa hiyo nyumbani kwetu ni Kiswahili. Watoto wanajua Kiswahili, Kiingereza cha shule, na Kisoga cha mtaani. Kinyankole chao ni salamu tu. Kaaka naye, ndivyo wanavyomwita bibi yao, Kiswahili chake ni cha kununulia nyanya. Wanapendana, lakini maneno huwaishia mapema.

Ushauri wangu wa kwanza basi: msianzie ndani ya jengo. Zungukeni nyuma, kwenye kijiji cha nyumba za asili, watoto wakiwa bado na nguvu. Zipo nyumba za makabila mbalimbali ya Uganda, na ndani yake vyombo vya nyumbani. Kwenye nyumba yenye vyombo vya maziwa, Kaaka alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akaviita kimoja kimoja kwa majina: ekyanzi, chombo cha mti cha kuwekea maziwa, ekishaabo, kibuyu cha kusukia maziwa mpaka yatoe siagi. Hakugusa kitu. Aliketi chini, akaomba chupa ya maji ya mwanangu wa mwisho, akailaza pajani na kuanza kuisukasuka, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza. Mume wangu akatafsiri: hutazami ndani, unasikiliza. Mwanzoni maziwa yanachapa kwa mlio mwepesi. Siagi ikishika, mlio unakuwa mzito. Halafu Kaaka akaeleza jinsi vyombo vinavyofukizwa kwa moshi wa nyasi ili maziwa yakae vizuri na yapate harufu nzuri. Binti yangu akauliza alianza kazi hiyo akiwa na umri gani. "Mdogo kuliko wewe." Tulikaa pale karibu saa nzima, na sikumharakisha mtu.

Kama bibi au babu hayupo, tafuta jirani mzee. Mlipie nauli, mnunulie chakula, mpe kiti cha mbele kwenye taksi. Ila muulize mapema kama kuna vitu asivyotaka kuvikaribia. Makumbusho haya yalianza 1908 kwenye ngome ya Lugard, ofisa Mwingereza wa enzi za ukoloni, kilimani Old Kampala, na Waganda waliyaita Enyumba ya Mayembe kwa sababu ya vitu vya kiroho vilivyohifadhiwa humo. Kaaka ni mlokole. Tulipokaribia hirizi alituambia twende tu, yeye atasubiri kwenye benchi. Tukamheshimu.

Jiandae pia kwa swali la watoto kuhusu vitu vilivyochukuliwa. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda, yalikuwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, yakarudishwa 1962. Mwaka 2024 chuo hicho kilileta vitu vingine 39, tena kwa mkopo. Mwanangu wa kiume aliuliza mtu anakukopeshaje kitu chako mwenyewe. Nilimweleza kwa ukweli habari za ukoloni, kwa maneno ya umri wake, na nadhani kila mzazi ana wajibu huo.

Kwenye ala za muziki, waonyesheni amadinda, marimba ya Kiganda: funguo 12 za mbao, wapigaji watatu, wakikaa pande mbili wakitazamana. Ulizeni kama yupo wa kuwapigia, maana kuisikia ni tofauti kabisa na kuitazama.

Mengine ni madogo. Bebeni maji na chapati, bebeni fedha taslimu za kiingilio hata kama mna pesa kwenye simu, na ondokeni kabla watoto hawajachoka. Sisi tulirudi saa nane, tukanunua gonja, yaani ndizi za kuchoma, na kuku wa kuchoma kwenye soko la barabarani la Namawojjolo, tukala ndani ya gari.

Kasubi ipeni siku yake. Nyumba kuu iliungua Machi 2010 na imejengwa upya. Pale wamelala makabaka, yaani wafalme wa Buganda, wanne, kwa hiyo ni mahali pa heshima: viatu mnavua, wanawake mnavaa sketi au mnajifunga kitambaa.

Kaaka ametualika Desemba, tukatazame kituo cha utamaduni cha Igongo, pale Biharwe, kama kilomita 12 kabla ya kuingia Mbarara. Kutoka kwake tutakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Nyinyi mnaotoka Kampala au Jinja msijaribu hivyo mkiwa na watoto, laleni Mbarara.