Computer anaolewa? Sio typo hiyo

Mdau, hiyo makala ya Marekani ya 1940 unayotafsiri, inayosema "computer" kaolewa kaacha kazi, wala haijakosewa bana. Zamani computer alikuwa mtu! Neno lipo kwenye maandishi ya Kiingereza tangu 1613 likimaanisha mpiga hesabu, na pale Langley, maabara ya utafiti wa ndege huko Virginia, Marekani, kuanzia 1935 waliajiri wanawake cheo chao ndo hicho, kutwa wanakokotoa data za majaribio ya ndege kwa penseli na vimashine vya kupigia hesabu, baadaye mashine za elektroniki zikaja zikachukua kazi na jina lao juu (dhulma kabisa). Kwa hiyo usiandike kompyuta, weka "mpiga hesabu", na siku nyingine cheki kwanza mwaka wa makala alafu fungua ile dikshenari kubwa ya Oxford, inapanga maana kwa miaka.