Mguu wa Bandia, Rubani Bader na Fimbo Niliyoikataa

Tangu nikatwe mguu wa kushoto chini ya goti, miaka sita iliyopita, watu wamekuwa wakiniletea habari za Douglas Bader, rubani Mwingereza aliyerusha ndege za kivita katika Vita vya Pili vya Dunia akiwa hana miguu yote miwili, kwa imani kwamba zitanitia moyo. Sikatai kwamba zilinitia moyo. Lakini pia zilinivunja mkono, na ndiyo sababu ninawaandikia ninyi mnaojifunza kutembea upya hapa Moshi.

Bader alipata ajali tarehe 14 Desemba 1931, katika kiwanja cha Woodley karibu na Reading, akiwa na umri wa miaka 21. Hakukuwa na vita. Alichokozwa kwa maneno aonyeshe ufundi wake, akaizungusha ndege aina ya Bristol Bulldog chini mno hata bawa likagusa ardhi. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti, wa kushoto chini ya goti. Mimi nilikuwa kwenye pikipiki, barabara ya Kibosho, usiku, nikishindana na rafiki. Sioni tofauti kubwa kati yetu isipokuwa bei ya chombo.

Wasimuliaji wengi hukimbilia vitani na kuiruka miaka iliyofuata, nami naona ndiyo yenye faida kwetu. Miguu yake ya chuma ilitengenezwa na kampuni ya ndugu wa Desoutter. Mmoja wao, Marcel, alikuwa rubani aliyepoteza mguu kwa ajali ya ndege mwaka 1913, na nduguye Charles akamuundia mguu wa duralumini, ile aloi nyepesi ya kuundia ndege. Kwa miguu hiyo Bader alijifunza kutembea, kuendesha gari na hata kucheza gofu. Jeshi la anga lilimstaafisha mwaka 1933, akaajiriwa katika kampuni ya mafuta, akakaa mezani hadi vita vilipozuka mwaka 1939 na jeshi likamrudisha.

Nasi tuna bahati ambayo hatuithamini, kwa sababu katika eneo la hospitali ya KCMC hapa Moshi kuna chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu miaka ya 1980. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchukua mguu na kutorudi tena. Kigutu hupungua sana katika mwaka wa kwanza, hivyo soketi, yaani kikombe cha mguu wa bandia kinachoingia kigutu, iliyokubana vizuri Januari itakuwa inacheza ifikapo Juni, na soketi inayocheza huchubua. Ongeza soksi za kigutu, kagua ngozi kila jioni kwa kioo kidogo, na ukiona wekundu usiofifia dakika ishirini baada ya kuvua mguu, usiuvae tena kwa kujikaza. Rudi kwa fundi.

Vitani Bader aliongoza kikosi cha 242 mwaka 1940, akahesabiwa kuangusha ndege 22 na kutunukiwa nishani za DSO na DFC, kila moja mara mbili. Tarehe 9 Agosti 1941 ndege yake iliharibiwa juu ya Ufaransa, na alipotaka kuruka kwa mwavuli mguu wa bandia wa kulia ulinasa ndani. Mkanda wake ulipokatika ndipo alipochomoka, akiuacha mguu uende na ndege. Wajerumani waliomteka waliruhusu Waingereza wamdondoshee mwingine kutoka angani.

Katika yote hayo nilichokishika mimi ni kiapo chake cha kutotumia fimbo. Nikaiacha yangu nyumbani, nikaenda soko la Mbuyuni wakati wa masika, na kwenye tope jeusi lililochanganyika na maganda ya ndizi mguu wa bandia uliteleza, nikaangukia kiganja. Mama mmoja muuza ndizi aliniinua. “Pole, baba,” akasema, “fimbo yako iko wapi?” Wiki sita za plasta zilinifundisha jambo ambalo sikulifikiria: usiku, mguu ukiwa umevuliwa, asiye na mkono mzima hawezi hata kushika magongo ya kwendea chooni. Mke wangu alinishikilia kama mtoto.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba rubani huyo asiyetaka fimbo, alipofungwa katika ngome ya Colditz, Ujerumani, hadi mwaka 1945, alikuwa akibebwa mgongoni na mfungwa mwenzake kwenye ngazi za kwendea kuoga. Heshima yake naiacha palepale, hasa kwa kuwa alivikwa cheo cha Sir mwaka 1976 kwa kuwatumikia walemavu. Ila kiapo kile tusikiige.

Fimbo yangu ya sasa ni ya mti mgumu, inafika usawa wa kifundo cha mkono nikisimama wima, na chini nimeipigilia kipande cha tairi kuukuu la pikipiki. Kipande hicho humaliza masika moja tu, kisha fundi viatu hukibadilisha ukiwa umesimama hapohapo.