Mjusi wa Kapsokwony: je, ni spishi mpya?

Kaka, nimeiona picha ya huyo mjusi uliyemkuta kwenye gogo msituni huko juu ya Kapsokwony. Unauliza kama umegundua spishi mpya na kama unaweza kumpa jina la nyanya yako. Nimewahi kuwashikia watafiti tochi na daftari misitu ya huku magharibi, kwa hivyo nijibu ninavyojua.

Jicho lako ni zuri. Mjusi kafiri wa ukutani ana mboni nyembamba iliyosimama wima na magamba mapana ya kunata chini ya vidole. Wako ana mboni ya duara na vidole vyembamba, anapanda kwa kucha tu. Hiyo ni dalili ya Ancylodactylus, mijusi wa msituni wanaotembea mchana. Na Mlima Elgon, ulipo huko Kapsokwony, tayari una wake mwenye jina, Ancylodactylus elgonensis, aliyeelezwa na mtaalamu wa reptilia Arthur Loveridge mwaka 1936 akiwa bado kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Cnemaspis. Mimi nadhani ndiye huyo.

Hata hivyo, usikate tamaa. Mwaka 2022 watafiti Patrick Malonza na Aaron Bauer walilifufua jina la jenasi Ancylodactylus na kueleza spishi 6 mpya za Kenya kwa mpigo. Mijusi hawa hushinda kwenye miti na miamba yenye kivuli, nyika iliyo katikati inawatenga, na kwa macho tu wanafanana mno.

Ndiyo maana upya wa spishi huthibitishwa mezani. Unakaa na darubini na pini, unahesabu magamba ya mdomo wa juu na wa chini, magamba ya chini ya kidole cha nne, na vitundu vilivyo mbele ya tundu la haja kwa madume. Kazi ya macho hiyo! Kidole kikikauka kimejikunja, kila ukihesabu unapata jibu lingine. Kwa hivyo vidole hunyooshwa kabla formalini, dawa ya kuhifadhia, haijamkaza mnyama. Kipande cha ini nacho hutolewa mapema na kutiwa kwenye alkoholi, kwa sababu formalini huharibu DNA. Rangi hupigwa picha angali hai, maana kwenye chupa hufifia. Baada ya hapo analinganishwa na vielelezo vya zamani, mjusi mmoja kati ya hao wapya anateuliwa kuwa holotaipu, yaani kielelezo rasmi cha spishi, na kuwekwa makumbusho, na makala inachapishwa. Jina la nyanya linawezekana kabisa: Chebet angekuwa chebetae. Ila huwa linatolewa na mwandishi wa makala, kwa hivyo kaa naye vizuri.

Wewe usimuue wala usimbebe nyumbani. Bila vibali vya KWS (shirika la wanyamapori) na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) utajitafutia kesi. Mtie kwenye chupa angavu bila kumshika mkia (atauacha mkononi mwako), piga picha za tumbo, koo na chini ya vidole, rula ikiwa kando, kisha mwachie palepale. Andika mahali, mwinuko na saa, halafu utume kwa kitengo cha reptilia cha Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Na ukirudi, piga picha ya ncha ya mkia kwa chini. Lygodactylus, mjusi wa jenasi nyingine, naye ana mboni ya duara na hutembea mchana, lakini huwa na magamba ya kunata vidoleni na hata kwenye ncha ya mkia. Kwenye picha yako mkia umejificha nyuma ya ganda la mti.