Hotuba za Cicero: Nianze na Kitabu Kipi cha Ufafanuzi?

Swali: Nilisoma Kilatini kwa miaka minne nikiwa seminari ndogo, na Injili za Vulgata, ile Biblia ya Kilatini, nazisoma bila shida. Sasa nimeanza hotuba ya Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, ya kumtetea Milo, lakini aya moja hunichukua jioni nzima, na hata nikiimaliza sioni kwa nini alisema alivyosema. Nitafute kitabu gani cha ufafanuzi?

Jibu: Ndugu msomaji, umeuliza maswali mawili kwa pamoja, na ni nadra kitabu kimoja kuyajibu yote vizuri. La kwanza ni la sarufi, kwa kuwa Vulgata huunganisha vishazi kwa “et” (yaani “na”) moja baada ya nyingine, ilhali Cicero anaweza kukusubirisha mistari mitano, vishazi tegemezi vikiwa vimerundikana, kabla hajakupa kitenzi kikuu. La pili ni la habari za kesi yenyewe, ambamo Milo alishtakiwa kwa kuuawa kwa hasimu wake Clodius, na kwa hotuba hii ndilo zito zaidi.

Kwa hilo la pili, anza na Asconius, mfafanuzi wa Kirumi. Huyu aliandika katikati ya karne ya 1 BK, takriban miaka mia moja baada ya kesi, akiwafafanulia wanawe hotuba za Cicero. Maelezo yake juu ya hotuba tano yametufikia, na Pro Milone, yaani hotuba hii ya kumtetea Milo, ni mojawapo. Anasimulia kwamba Clodius na Milo walikutana kwa bahati tu karibu na Bovillae, nje ya Roma, Januari 52 KK, kwamba Clodius aliyejeruhiwa alipelekwa katika nyumba ya wageni, na kwamba Milo mwenyewe ndiye aliyeamuru atolewe humo. Anaongeza kuwa siku ya kesi Cicero hakuzungumza kwa uthabiti wake wa kawaida, na kwamba hotuba tuliyo nayo ni ile aliyoiandika kwa ustadi baadaye. Ukiyajua hayo, utaacha kuisoma hotuba kama taarifa ya tukio. Kilatini cha Asconius ni chepesi kuliko cha Cicero, na ukikwama ipo tafsiri ya Kiingereza ya R. G. Lewis ya mwaka 2006.

Miongoni mwa sherehe za kisasa (yaani vitabu vya ufafanuzi; natumia neno hili kama walitumiavyo wahariri wa tenzi zetu), ya Thomas Keeline, iliyotolewa Cambridge mwaka 2021, ndiyo ningeinunua, kwa sababu inashughulikia sarufi, sheria na mbinu za ushawishi pamoja. Ya A. C. Clark ya mwaka 1895 imekwisha kutoka katika hakimiliki, nayo ni nzuri kwa historia na kwa hali ya miswada; ila tabia ya wafafanuzi wa enzi hiyo ni kukujibu kwa kukuelekeza kwenye vifungu vingine vya Kilatini, jambo linalomchosha msomaji asiye na maktaba jirani.

Ikiwa sarufi ndiyo inayokukwamisha zaidi, ningekushauri uiweke Pro Milone kando kwa miezi michache usome kwanza hotuba ya mwaka 66 KK kuhusu uongozi wa jemadari Pompey. Sehemu zake za 27 hadi 49 zina kitabu cha Ingo Gildenhard na wenzake, cha mwaka 2014, kinachopatikana bure mtandaoni kikiwa na msamiati, maswali na tafsiri. Sentensi zake ni ndefu, lakini zimepangika waziwazi.

Kabla ya kulipia kitabu chochote juu ya Pro Milone, kifungue kwenye sehemu ya 29, ambapo Cicero anadai kuwa watumwa wa Milo walitenda bila amri wala ufahamu wa bwana wao. Kama mfafanuzi ameeleza muundo wa sentensi hiyo lakini hakukutajia kwamba Asconius anasema kinyume, kitakufaa kwa sarufi tu.