Chai Ingali Mezani: Maswali Yenu Kuhusu Mashairi ya Uchungu

Mvua ya hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, haikutupa nafasi wiki hizi, na barua karibu zote zilizonifikia ni za mashairi ya kuachwa. Nazijibu kwa zamu. Ya kwanza itakula nafasi kubwa, maana imenikaa moyoni tangu niisome.

Mwalimu, salamu. Nami nafundisha Kiswahili, huku Kadutu. Mwanafunzi wangu ameandika ubeti huu. Nimetafuta sitiari, nimetafuta tashbihi, sikuona kitu. Lakini kila nikiusoma mwili unanisisimka. Niwaeleze nini watoto?

*Nyumba ulipoitoka, taa sikuwasha ndani,*
*Chai yako nimeweka, ingali pale mezani,*
*Mvua inapofika, nahisi u mlangoni,*
*Nani aliyeondoka, ni mimi au ni nani?*

Mwalimu mwenzangu, hukuona sitiari kwa sababu haimo. Acha kuitafuta, shika vitenzi. "Ulipoitoka": ile -i- ni ya nyumba. Hakusema "uliponiacha". Iliyoachwa ni nyumba, na msemaji mwenyewe hayumo katika habari ya kuachwa kwake. Kisha "sikuwasha", jambo la jana, limepita. Mara "nimeweka". Mtu ametoka mstari mmoja juu, na mstari wa chini yake tayari amemiminiwa chai! Hapo ndipo akili ilipoteleza, na imeteleza kwa kiambishi kimoja tu, -me-. Mstari wa tatu unazidisha: "inapofika" haina siku. Kila mvua ikija, yuko mlangoni. Na Bukavu mvua haina haraka ya kuisha.

Sasa shuka kwenye vina. Vya kati ni vitenzi vitupu, karibu vyote vya kwenda na kuja: toka, weka, fika, ondoka. Vya mwisho ni mahali: ndani, mezani, mlangoni. Sikio limeshazoea kupewa mahali, linangoja mahali pengine, linapewa "nani". Kina kimetimia lakini pa kusimama hapapo. Tena tulitarajia aulize "ni mimi au ni wewe". "Wewe" amefutika, na "mimi" hana hakika.

Wengi hudhani akili inayopotea lazima iandikwe kwa mistari iliyovurugika. Mtoto huyu kapanga mizani, yaani silabi, kumi na sita kila mshororo bila kukosea hata mmoja, kama mtu anayepanga vikombe vizuri kwa ajili ya mgeni asiyekuja. Waambie wanafunzi wahesabu mizani kwa kupiga makofi. Wakimaliza, waulize chai hiyo itanywewa na nani. Halafu unyamaze, uwasikilize.

Mwalimu, banasemaka "moyo imevunjika" haiko Kiswahili safi. Ni kweli? (Dada wa Panzi)

Dada yangu, maneno yapo, ila maana yake ni nyingine. Kuvunjika moyo ni kukata tamaa. Mkulima ambaye mihogo yake imeharibiwa na ugonjwa misimu miwili mfululizo, huyo amevunjika moyo. Aliyeachwa na mpenzi mara nyingi hajavunjika moyo hata kidogo. Bado anatumaini, na ndiyo taabu yake. Ule moyo wa vipande vipande, kama sahani iliyoanguka sakafuni, nadhani umetufikia zaidi kwa Kifaransa na kwa nyimbo za redio. Siukatazi. Naomba tu mwandishi ajue kwamba Kiswahili kina mwili wake wa maumivu: moyo huuma, moyo huungua, maneno makali hukata maini, kidonda kikigoma kupona huwa donda ndugu. Nasi huku tunasema "roho inaniuma", na anayeisikia hahitaji kufafanuliwa. Ukiandika ubeti, jiulize maumivu yanakaa wapi na yanafanya kazi gani. Kinachokata hakifanyi kazi ya kinachounguza.

Niko darasa ya mwisho ya humanités, yaani sekondari. Tunasoma "Spleen" ya Baudelaire, mshairi Mfaransa. Kwa Kiswahili tuseme nini?

Spleen kwa Kiingereza ni jina la kiungo cha mwili, bandama. Zamani Wayunani waliamini kwamba huzuni nzito huletwa na nyongo nyeusi, na neno "mélancolie" maana yake ni hiyo hiyo, nyongo nyeusi. Baadaye bandama ikahesabiwa kuwa makao ya nyongo hiyo. Ukitafsiri "bandama" kwa Kiswahili utachekwa, kwa sababu sisi hatukuiweka huzuni huko. Nyongo yetu ni ya chuki na hasira. Una "simanzi", una "sonona", lakini mimi ningechukua neno la mtaani: "mawazo". Mtu akikuambia "niko na mawazo", hamaanishi kwamba anafikiri. Anamaanisha kwamba anafikiriwa, kitu kinamsaga ndani.

Mashairi yenye jina hilo ni manne katika kitabu chake cha 1857, *Les Fleurs du mal*. Nadhani mnasoma la nne, lile ambalo mbingu imeshuka kama kifuniko cha sufuria. Angalia sarufi yake: beti tatu nzima zinaanza na "wakati ambapo", bila sentensi kukamilika. Mbingu inafunika, dunia inageuka chumba cha gereza chenye unyevu, matumaini yanajigonga ukutani kama popo, mvua inakuwa nondo, buibui wanatandaza nyavu ndani ya ubongo. Umebana pumzi beti tatu! Ubeti wa nne kengele zinaruka kwa ghadhabu. Sentensi yenyewe imeugua mbele ya macho yako. Andika hilo kwenye karatasi ya mtihani kabla hujaandika "tashbihi".

Kuna tofauti gani kati ya shairi la huzuni na shairi la uchungu?

Huzuni hutazama kilichopotea, uchungu humtazama mtu. Tafuta anayelaumiwa. Katika ule ubeti wa Kadutu hakuna anayelaumiwa, kwa hiyo ni huzuni. Ungeanza na "ulinidanganya", -ni- na -u- zingekabiliana kama watu wawili wenye kesi. Lugha yetu imelipa neno hili kazi nyingi: uchungu wa dawa ulimini, uchungu wa kidonda, uchungu wa mama anayejifungua. Mshairi mzuri huzichezesha pamoja. Tena uchungu hauhitaji mapenzi. *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, mshairi wa Kenya, iliyotoka 1973, ilitungwa gerezani, na hasira yake inajua vizuri inamwelekea nani.

Shairi lisilo na vina ni shairi? (Mzee wa Bagira)

Ndiyo, baba. Mabishano hayo yalipamba moto Kezilahabi, mshairi wa Tanzania, alipotoa *Kichomi*, mashairi yasiyofuata vina, mwaka 1974, na kichomi chenyewe ni maumivu ya ubavuni yanayokukata pumzi. Mistari yake inapumua hivyo.

Rafiki yangu ananitumia beti kwenye WhatsApp kila usiku. Zamani alikuwa analaumu bwana aliyemwacha. Sasa hamtaji tena, anaandika tu kwamba amechoka na kwamba ziwa limenyamaza vizuri. Nimchambulie vipi?

Usichambue, mwanangu. Nimefurahi umeandika. Umeona kitu cha kweli: lawama imekwisha, aliyelaumiwa ametoweka, na msemaji naye anaanza kutoweka. Darasani ningeita hayo ufundi. Kwa mtu aliye hai, anayekuandikia kila usiku, ni sababu ya kuvaa viatu. Nenda kwake leo, usingoje mwisho wa wiki. Kaeni pamoja, na umwulize waziwazi, kwa maneno ya kawaida, kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumwekei wazo hilo kichwani, kunampa nafasi ya kulisema. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Mwambie dada yake au mtu mzima anayemwamini, hata kama alikuomba siri, kisha mpelekeni kwa daktari au Sosame, ambako wanatibu maradhi ya akili hapa hapa mjini. Beti zake zihifadhi. Akipata nafuu na akitaka, mje naye kwangu tuzisome.